Blanketi Juu ya Unga

Swali ambalo Shaushi Abdulghani bin Faraji alipewa na boma la Bukoba lilikuwa fupi: mpishi yuko wapi, na vijiko vya fedha viko wapi. Swali alilopewa huko Nyakahanga, uani nyuma ya duka la kaniki na chumvi, lilikuwa fupi zaidi. Asia, mke wa huyo mpishi, kanga yenye madoadoa mekundu mabegani, alimwambia bila kuinua macho kutoka kwenye ungo wa ulezi aliokuwa akiupeta:

"Vijiko mimi sivijui, Bwana Shaushi. Niambie tu kama nikae eda au nisikae."

Ndiyo maana shaushi aliteremka kuelekea ziwa Burigi akiwa amekunja uso. Kama Abdulrahim mpishi ametoroka na mali ya Mdachi aliyemwajiri, basi yu hai, na mkewe ni mke wa mwizi aliyemtupa, si mjane, si mtalaka, hana wa kumlilia wala wa kumdai. Kama hakutoroka, basi alikuwa mtu mwaminifu. Na mtu mwaminifu akipotea siku zote zile kando ya ziwa lenye mamba, hatafutwi tena kwa kuitwa jina. Kati ya habari hizo mbili, hapakuwa na moja ambayo shaushi angeweza kuirudisha Nyakahanga huku akitabasamu.

Othman, kaka wa mpishi na mwenye lile duka, hakuwa na swali lolote. Yeye alikuwa na jibu tayari.

"Ndugu yangu aliingia kwenye pombe," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kulia peke yake. "Mara ya mwisho alipokuja, kanzu yake ilinuka rubisi toka mlangoni. Watu wa pwani sisi, babu zetu walikuja huku na msahafu kichwani, leo mtoto wetu ananuka pombe ya ndizi. Mtu akishafika hapo, Shaushi, vijiko ni kitu gani?"

Asia alisikia yote, akaendelea kupeta.

Mashua ya moshi ya Bwana Hartwich ilikuwa imefungwa kwenye gati la magogo, nyeupe pe, na mstari wa buluu ubavuni. Ilikuwa imepandishwa kutoka Bukoba vipande vipande vichwani mwa wapagazi, ikaungwa tena ufukweni kwa sababu moja tu, kwamba tajiri huyo na wageni wake walitaka kutazama viboko huku wakila. Ilikuwa na paa la turubai, viti vya henzirani, sanduku la kupozea mvinyo. Nyuma kabisa, pale moshi wa mtambo unapogeuka na kurudi ndani, palikuwa na chumba cha chuma chenye ukubwa wa kabati. Hilo ndilo lilikuwa jiko. Wale wageni walikuja kupumzika, na hakuna kazi inayowachosha watu wengine kama kupumzika kwa tajiri.

Bwana Hartwich alikuwa amekaa kwenye kiti akisafisha bunduki. Hakusimama.

"Mpishi mwizi," alisema kwa Kiswahili chake cha kuamrisha. "Wewe tafuta. Mrisho ataonyesha."

Mrisho alikuwa nyapara wa mashua, mtu wa Tabora, mnene, mwenye kofia safi na macho yasiyotulia. Alimpeleka shaushi nyuma, akaeleza kisa chake kwa mfululizo, kama mtoto anayesoma juzuu aliyoikariri. Asubuhi walitia nanga ufukweni kukata kuni. Mpishi akashuka. Hakurudi. Wakatazama, furushi lake halipo, vijiko navyo havipo.

"Nani alimwona akishuka?" aliuliza shaushi.

"Mimi."

"Amebeba nini?"

"Furushi lake."

"Na vijiko?"

"Vilikuwa ndani ya furushi."

"Ulikuwa na jicho gani la kuona ndani ya furushi lililofungwa?"

Mrisho alipangusa jasho. "Sasa vitakuwa wapi kwingine, Shaushi?"

"Hilo ndilo nililotumwa kuuliza. Fungua jiko."

Jiko lilikuwa limefungwa tangu siku ile. Wageni walikuwa wamekwenda zao kuwinda nchi kavu, na Bwana Hartwich akipikiwa ufukweni na mpagazi mmoja aliyejua kuchoma nyama tu. Mlango ulipofunguka, harufu ya uchachu iliwapiga usoni. Mrisho akawa mwepesi ghafla. Akaingiza mkono chini ya meza, akatoa kibuyu.

"Umeona? Rubisi. Alikuwa anakunywa humu humu, kazini. Nusa mwenyewe."

Shaushi alinusa. Ilikuwa rubisi kweli, na pale pale akamkumbuka Othman mlangoni mwa duka lake. Mambo yalianza kukaa sawa: mlevi, mwizi, mtoro. Ilikuwa njia nyoofu, iliyofagiliwa, na shaushi alikwisha kufanya kazi ya polisi kwa muda wa kutosha kuogopa njia iliyofagiliwa na mtu mwingine.

Alichutama, akatazama kila kitu kwa zamu. Majivu mekoni yalikuwa yamefukiwa juu ya makaa, jinsi afanyavyo mtu anayetaka moto umsubiri. Kuni za kuanzia zilipangwa tayari. Birika lilikuwa limeoshwa, likiwa tupu, kifuniko kando yake. Kisha, katika pembe kati ya meko na ukuta, mahali pa joto kuliko pote, aliona blanketi la kijivu limekunjwa na kuzungushwa kwenye kitu, kama mtu anavyomfunika mgonjwa.

"Hili ni la nani?"

"La mpishi, nafikiri."

"Huku asubuhi kuna baridi?"

"Baridi ya kung'ata, Shaushi."

"Alikuwa na blanketi jingine?"

"Hapana. Bwana aliwagawia moja moja."

Shaushi alilifunua. Ndani yake mlikuwa na sufuria kubwa, na ndani ya sufuria unga uliokandwa. Ulikuwa umevimba, ukapanda, ukamwagika ukingoni na kushikana na nyuzi za blanketi, kisha ukanywea wenyewe na kufanya juu ukoko mkavu wa kijivu. Alimega kidogo chini ya ukoko, akanusa. Harufu ilikuwa ile ile ya kibuyu.

Mama yake Abdulghani aliuza vitumbua Pangani, na utotoni mwake nyumba nzima ilinuka tembo la mnazi, ingawa mle ndani hapakuwa na aliyewahi kulitia kinywani. Tembo lilikuwa la kuumulia unga. Huku Karagwe hakuna minazi. Mtu wa asili ya pwani anayetakiwa kuwatolea Wadachi mkate laini kila asubuhi, katika nchi ya migomba, ataumulia nini? Atamwomba jirani mashapo ya rubisi, yenye chachu. Ataimimina kwenye unga, itamrukia kwenye kanzu, na jamaa zake watamsikia toka mlangoni.



"Mrisho," alisema shaushi. "Mtu anayetoroka leo anakanda unga wa mkate wa leo?"

"Pengine shetani alimwingia ghafla."

"Akachukua furushi, akaacha blanketi."

"Pengine alisahau."

"Alisahau blanketi kwenye baridi ya kung'ata. Alikesha akitetemeka ili unga upate joto, halafu akaondoka kabla haujaingia motoni." Alisimama, magoti yakalia. "Aliyekusanya vitu vyake alikusanya alivyoviona. Blanketi hakuliona, kwa sababu hakujua mpishi anaweza kumpa unga blanketi lake. Wewe ungejua?"

Sauti ya Bwana Hartwich ilimwita Mrisho kutoka mbele, naye akaenda mbio mbio kama aliyeokolewa.

Shaushi alibaki peke yake kwenye ukingo wa nyuma. Kamba zote za mashua zilikuwa nene, zimepakwa lami, za kutoka ng'ambo. Ila moja. Kwenye debe la mafuta ya taa lililokatwa kifuniko, lililokuwa la kutekea maji, palikuwa na kamba ya magomba, mpya, bado ya rangi ya majani makavu. Aliigusa, akatazama huku na huku.

Mtia kuni wa mtambo alikuwa mzee mmoja Mnyambo aitwaye Kamuhanda. Alikuwa amechuchumaa penye kuni, akijifanya anazihesabu.

"Mzee Kamuhanda, shikamoo."

"Marahaba." Alishangaa kuamkiwa na mtu mwenye bunduki.

"Debe hili ni la lini?"

"La juzi juzi."

"Kabla yake mlitekea nini?"

"Ndoo. Nyeupe, yenye mstari, kama mashua yenyewe." Mzee alitazama mbele, alikokwenda Mrisho, akapunguza sauti. "Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilimponyoka mpishi, mashua ikienda. Maji yaliivuta. Bwana alimlaza hapo hapo unapokanyaga, akachapwa. Akaambiwa ya pili ikipotea, mshahara wake wote wa safari umekwenda nayo, na ule mshahara wenyewe hajawahi kuuona kwa macho."

"Ya pili iko wapi?"

Kamuhanda alikishika kifundo cha mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akakizungusha zungusha, kama mtu anayewashwa.

"Tangu siku ile," alisema, "hakuishika ndoo kwa mkono mtupu."

"Maana yake nini, mzee?"

"Mimi natia kuni, bwana. Ninatazama motoni." Kisha uso wake ukalegea, akasema kwa haraka, Kiswahili chake kikichanganyika na Kinyambo. Alisema wageni wale walikula wakiamka, wakala tena kabla ya mchana, wakala mchana, wakala keki jua likipoa, wakala usiku, na wakilewa wakaamshana kudai mchuzi wa moto. Mpishi alikuwa mmoja. Alilala amesimama, paji la uso limeegemea kabati la chuma, na kabati likiwa la moto aliungua na hakuamka. "Nilimwambia, mwanangu, utakufa. Akasema, mzee, safari ikiisha nitalala mpaka mke wangu achoke kuniamsha."

Mrisho alirudi, na mzee akarudi kwenye kuni zake.

Habari aliyokuja nayo Mrisho ilikuwa kwamba wageni wengine wako njiani, na Bwana ameamuru aende na shaushi mpaka Nyakahanga, akatafute mpishi mwingine miongoni mwa watu wa madukani.

"Vizuri," alisema shaushi. "Tutasindikizana."

Waliondoka pamoja, na kutwa nzima Mrisho alizungumza habari za Tabora, za maembe ya Tabora na wanawake wa Tabora, mpaka shaushi akatamani mvua inyeshe. Siku ya pili wakaingia Rugu. Watu wa huko walikuwa na desturi ya kuteremka ziwani kukata mafunjo na kuvua, na njia ilipita katikati ya vibanja vyao, migomba huku na huku, mibuni chini yake.

Mbele ya nyumba moja ya msonge mwanamke alikuwa akiosha maharage. Shaushi alikuwa amekwisha kumpita alipogeuka. Maharage yalikuwa ndani ya ndoo nyeupe yenye mstari wa buluu.

Mrisho alikuwa katikati ya sentensi. Hakuimaliza.

Mwanamke aliitwa Kokubanza. Alipoona bunduki aliikumbatia ndoo, kisha akaona aibu, akaiweka chini na kuisogeza mbele ya shaushi kwa mguu.

"Hatukuiba, bwana askari," alisema. Kiswahili hakikuwa lugha yake, na alikitoa polepole, neno kwa neno. "Mume wangu ameikuta ziwani. Katika mafunjo. Ilikuwa na mtu."

"Mtu gani, mama?"

"Mtu amekufa. Ndoo iko mkononi mwake. Kamba imefungwa hapa." Alishika kifundo cha mkono, mahali pale pale aliposhika Kamuhanda. "Mume wangu alitaka kufungua, kamba imevimba, haifunguki. Amekata."

Shaushi aliinua mpini wa ndoo. Kipande cha kamba ya lami kilikuwa bado kimening'inia, na mwisho wake ulikuwa umekatwa kwa kisu.

"Kitanzi chenyewe kiko wapi?"

"Amezikwa nacho. Hatukutaka kumuumiza mkono."

"Mmemzika wapi?"

Alionyesha mwisho wa kibanja, penye mgomba mchanga. "Mgeni hazikwi katika kibanja cha watu. Wazee wamekasirika. Lakini mume wangu amesema, huyu amekufa na kazi mkononi, hawezi kuachwa porini kama mtu mbaya." Akaingia ndani, akatoka na kitu kilichokunjwa vizuri. "Hiki kilikuwa kichwani. Nimekifua. Nilisema, labda mwenyewe atapita."

Kilikuwa kipande cha kanga, nyeupe yenye madoadoa mekundu, kilichokatwa kwa mkasi upande mmoja. Mpishi alijifunga nacho kuzuia jasho lisimdondokee kwenye vyakula vya watu. Shaushi alilijua lile doti. Nusu yake nyingine aliiona Nyakahanga, mabegani mwa mwanamke aliyekuwa akipeta ulezi.

Aligeuka. Mrisho alikuwa amekaa chini, kwenye vumbi, na kofia yake safi ilikuwa mkononi.

"Sema," alisema shaushi.

"Mimi nina watoto Tabora."

"Naye alikuwa na mke Nyakahanga. Sema."

Mrisho alisema. Ilikuwa asubuhi, jua limekwisha toka. Mashua haikuwa imetia nanga popote, ilikuwa ikienda kwa nguvu zote, kwa sababu mgeni mmoja alimwona kiboko mkubwa na Bwana aliamuru wamfukuze. Bibi mmoja akataka kahawa. Mpishi akajifunga kamba mkononi kama desturi yake, akaishusha ndoo, na alipokuwa ameinama hivyo, ndoo majini, Mrisho alimwona kichwa kikianguka kifuani. Alisinzia. Lepe la usingizi, la kufumba na kufumbua. Ndoo ikajaa, mashua ikavuta mbele, ndoo ikavuta nyuma. Hakupiga hata kelele.

"Na wewe?"

"Nilipiga kelele mimi. Nilimwambia Bwana, mpishi yuko majini, tugeuze. Bwana akatazama nyuma, akatazama kiboko. Akasema, baadaye."

Kokubanza, ambaye hakuwa ameelewa yote, alielewa neno hilo. Aliweka mkono mdomoni.

"Tuliporudi palikuwa na maji tu," alisema Mrisho. "Bwana akasema, mtu akifa kazini boma litauliza, na wageni watasema vibaya huko Ulaya. Mtoro haulizwi na mtu. Nikaambiwa nitupe furushi. Vijiko viko sandukuni kwake mwenyewe, chini ya mashati." Alilia sasa, bila kujificha. "Shaushi, utamwambia nani? Boma? Boma litamfanya nini?"

Shaushi alilijua jibu. Angeandikisha kila neno, na afande wake angesoma, na angekunja karatasi. Pengine Bwana Hartwich angeitwa kunywa kahawa Bukoba na kuambiwa awe mwangalifu. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo boma halikuwa na uwezo wa kulikunja, nalo ndilo aliloulizwa mwanzo uani kwa Othman.

Walikwenda kwenye ule mgomba mchanga. Shaushi alitawadha kwa maji aliyomiminiwa na Kokubanza, akasimama penye kichwa cha kaburi, akamsalia maiti. Mrisho alisimama nyuma yake na kuitikia, na shaushi hakumkataza. Kokubanza alisimama mbali kidogo, hakujua maneno yale, lakini aliinamisha kichwa mpaka yakaisha. Shaushi alipotaka kumrudishia ndoo, alikataa.

"Mpelekee mke wake," alisema.

"Mama, hawezi kuitazama."

Akafikiri, akaichukua.

Nyakahanga walifika wakati wa alasiri, watu wakitoka kuswali. Othman alikuwa dukani akimpimia mteja chumvi, akaiacha kwenye mizani. Shaushi alimwacha Mrisho barazani, akapita moja kwa moja uani, na Othman nyuma yake.

Asia alisimama alipomwona. Kisha akaona alichoshika, akaketi tena.

"Kaa eda, Bi Asia," alisema shaushi.

Alimkabidhi kile kipande cha kanga, naye akakilaza juu ya chake, upande wa mkasi kwa upande wa mkasi, akakinyoosha kwa kiganja mpaka madoadoa yakapatana. Shaushi akawaeleza habari za ndoo, kamba na usingizi. Habari ya kiboko aliificha kwanza, kisha Othman akauliza kwa nini mashua haikugeuka, ikabidi aseme. Othman alijishika ukutani.

"Vijiko havikuibwa," shaushi alimalizia. "Mwenye kusema kinyume mlete kwangu. Ndugu yako amezikwa Rugu, katika kibanja cha watu wema, na nimemsalia."

"Na pombe?" Othman aliuliza. Aliuliza kama mtu anayejitia kisu ili amalize. "Tulimnusa, Shaushi. Sote tulimnusa."

"Hakuwa akinywa. Alikuwa akiumulia mkate." Akawaeleza habari za kibuyu, na za unga uliofunikwa blanketi, na za mama yake Pangani, na za tembo. "Huku hakuna mnazi. Alitafuta njia yake. Nimeukuta unga mimi mwenyewe, unanuka rubisi mpaka leo."

Othman alitoka kuelekea dukani, na muda si muda wakamsikia kule akilia kwa sauti ya kitoto. Asia hakulia. Alikuwa akitazama kitu kilichokuwa mbali, nyuma ya shaushi, nyuma ya ua.

"Alileta mkate," alisema.

"Lini, Bi Asia?"

"Siku ile ya mwisho. Alipewa ruhusa ya kufuata chumvi na unga dukani, akautia mkate kwenye kitambaa kisafi, akatembea nao njia yote. Akaniambia, 'Asia, onja, nimejifunza.' Alikuwa anacheka. Macho mekundu, nikasema ni ulevi. Nikaunusa ule mkate, nikasikia harufu ile ile." Alivuta pumzi. "Nikamwambia arudi kwa pombe yake huko ziwani, mimi asinitie najisi. Niliwamegea kuku mkate ule, Bwana Shaushi. Wote. Yeye amesimama hapo ulipo, anatazama."

Shaushi alitaka kusogea kutoka pale alipokuwa amesimama, lakini aliona kusogea kungekuwa kubaya zaidi.

"Alisema nini?"

"Hakusema. Aliokota kitambaa, akakikunja. Alikuwa amechoka hata kugombana nami hakuweza. Nami sikumsindikiza mlangoni."

Wanawake wa majirani walikuwa wameanza kuingia uani, mmoja mmoja, kanga zimeshushwa usoni, maana kilio cha Othman kilikwisha kupeleka habari. Mzee mmoja wao, Bi Mwaja, alimshika Asia mkono amwingize ndani, kwenye chumba atakachokaa. Asia aliinuka naye. Penye mlango alisimama.

"Bwana Shaushi. Ule unga ulioukuta. Chini ya blanketi."

"Naam."

"Ulikuwa umeumuka?"

Abdulghani bin Faraji alikuwa ameulizwa maswali mengi katika kazi yake, na mengi aliyajibu kwa uongo mdogo wa huruma. Alishukuru Mungu kwamba hili halikuhitaji.

"Uliumuka," alisema. "Uliumuka mpaka ukamwagika."

Asia akaitikia kwa kichwa, akavuta vile vipande viwili vya kanga, chake na cha mumewe, akajifunika uso kwa vyote, akaingia ndani.